Kiti cha Melkizedeki

Melkizedeki wa Sepuka aliumaliza ujana wake akiwa amesimama. Alisimama dukani kwa Kurji, mjini Singida, akipima marekani na khanga, huku tajiri wake amekaa kwenye kiti cha ngozi, kile kifupi chenye miguu myembamba iliyotanuka kama ya ndama aliyezaliwa leo. Kurji hakuwa mtu mbaya. Ila kiti dukani kilikuwa kimoja.

Majumba yalipotaifishwa, Kurji akafunga virago. Kiti nacho kilikuwa hoi, ngozi imepasuka, springi zimechomoza.

"Chukua wewe, Melki," akasema. "Mwaka mingi mimi nakaa, wewe nasimama."

Melkizedeki akakipandisha lori hadi kwao. Mbao akazisugua kwa msasa mpaka rangi ya asali ikarudi. Chini akasuka kanda za mpira wa tairi, juu akajaza sufi, kisha akakivika ngozi ya maksai wake mwenyewe, aliyoilainisha kwa samli mpaka mkewe Selina akauliza kama siku hizi viti ndivyo vinavyoungwa badala ya mboga. Hakutaka makuu, maskini. Alitaka kukaa tu, ainyooshe miguu yake yenye mishipa iliyovimba, asisumbuliwe na mtu.

Lakini ukubwa ni jalala, nalo lilikuwa linamngoja. Watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, ukaitishwa mkutano wa kuchagua mwenyekiti. Bibi Klara, ambaye Kiswahili chake kilitosha kuombea chumvi tu, akashangaa.

"Sasa mnatafuta nini? Mwenye kiti si Melkizedeki? Sisi wengine tuna vigoda!"

Watu wakacheka mpaka machozi. Halafu, kwa kuwa jua lilikuwa kali na kazi ile haikuwa na mwenyewe, wakanyoosha mikono.

Tangu hapo hakukaa tena. Kabla hajanawa uso, mlango unabishwa: mbuzi wa fulani kala mtama wa fulani. Akija bwana shamba, kiti ni cha mgeni. Akija katibu kata, kiti ni cha mgeni. Yeye kasimama pembeni, mikono nyuma, anajibu maswali. Selina akamwambia amezeeka ghafla, na kweli alikuwa amezeeka.

Uchaguzi uliofuata, akakibeba kiti kichwani mpaka mkutanoni, akakitua mbele ya watu. Iliuma kukitua.

"Ndugu zangu, nimechoka. Kiti nawapa, kiwe cha kijiji. Mimi si mwenye kiti tena. Chagueni mwingine."

Bibi Klara akafuta macho kwa pindo la khanga.

"Mtu anatoa hata kiti chake! Mwingine kama huyu tutampata wapi?"

Mikono ikanyooka yote. Katibu kata akapiga makofi, akajitupa kwenye kiti, akaegemea. Melkizedeki alitaka kulia. Akaangaza huku na huku atafute pa kukaa, asipaone. Akaendesha mkutano akiwa wima, na ajenda zilikuwa nyingi.