Filamu ya Mama Mei

Harufu ya kitunguu saumu na mafuta moto ilikuwa ikipanda ngazi na kutukuta kitandani. Tuliishi ughaibuni, mtaa wa Tooting, juu ya duka la chakula cha Kichina, na hadi leo nikikutana na harufu hiyo huvuka barabara kuikwepa. Mwenye duka, mama yangu alimwita Mama Mei, kwa jina la bintiye niliyesoma naye, kama ambavyo angemwita jirani yeyote kule Nakuru, naye aliitika bila kuuliza. Majira hayo ya baridi nilikuwa na miaka kumi. Nyanya, mamake mama, alikuwa amepata viza baada ya kuhangaishwa sana, na mama, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza wazee wa watu wengine, alikuwa ameshamnunulia koti zito na kulitundika karibu na mlango. Mama Mei aliposikia mgeni anakuja, akatuletea diski ya filamu. Alisema ni habari za watu kama wao, na kwamba aliitazama akalia kwa furaha mpaka mumewe akamcheka.

Jumamosi moja mchana simu ya baba ililia, akaipokea kwenye korido nilikokuwa nikifunga viatu. Niliona mabega yake yakilegea. Alipomaliza alichuchumaa mbele yangu. "Nyanya ametuacha," alininong'oneza. "Usimwambie mama. Wacha niwaite akina Auntie Wambui, wafike kwanza." Nilielewa. Kwetu mtu haambiwi msiba akiwa peke yake; lazima wawepo wanawake wa kumshika akianguka, wa kumvua viatu, wa kuingia jikoni bila kuulizwa. Nakuru majirani wangefika kabla chai haijachemka. Hapa Auntie Wambui, rafiki wa mama wa kanisani, alikuwa kazini mpaka saa kumi, wengine wanatoka Southall, na mabasi ya Jumamosi tunayajua. Baba, maskini, hakujua afanye nini na mke wake muda wote huo. Akachukua diski ya Mama Mei, akasema tutazame.

Filamu yenyewe ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniumiza. Bibi mmoja anawasili kutoka China kwa mwanawe anayeendesha duka la kufulia nguo. Mkoba wake umejaa mboga zilizokaushwa. Anagombana na mke wa mwanawe juu ya supu, anamfundisha mjukuu asiyetaka kusema Kichina namna ya kukunja unga wenye nyama ndani, na mwishowe wote wanakula chakula cha mwaka mpya kwenye meza moja. Hakuna anayekufa. Mama alicheka akijipiga mapaja. "Ai! Huyo si ni mum kabisa? Ona vile amefunga hiyo bag na kamba!" Akanivuta kifuani. "Akikuja, hii ndiyo ya kwanza tutamwonyesha." Nikajibu, "Yes, Mum," maana Kiswahili kilikataa kutoka. Nilisikia moyo wake ukipiga taratibu chini ya sikio langu, nikaomba filamu isiishe.

Iliisha, na watu hawajafika. Mama akachukua simu. "Hebu nimpigie nimchekeshe." Baba akasema network ya huko ni mbaya leo, halafu akasema tuirudie, kuna mahali hakuelewa. Baba, ambaye hakuwahi kumaliza filamu bila kukoroma! Mama alimtazama kidogo, akaiweka simu chini. Yule bibi akawasili tena na mkoba wake. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Nilimgeukia baba anisaidie, lakini naye alikuwa ameketi tu, mikono mapajani, macho dirishani, na hapo nikajua kwamba hata mtu mzima anaweza kukosa la kufanya. Hilo lilinitisha kuliko kifo chenyewe.

Hatimaye kengele ikalia. Wanawake wakaingia, wengine bado na sare za kazi chini ya makoti, leso zimefungwa viunoni. Hakuna aliyekuwa amemwambia mama kwamba atakuja. Mama aliwatazama, akanitazama mimi, akasimama. "Ni nani?" akauliza. "Niambieni ni nani." Auntie Wambui akamkumbatia kabla ya kumjibu. Mama alianguka, lakini mikono ilikuwa mingi na hakufika sakafuni.

Kwa miaka mingi nilimlaumu baba kwa mchana ule. Niliona ni ukatili, kumwacha mtu acheke hivyo. Siku hizi baba hayupo, na ukoo mzima uko kwenye kundi moja la simu, ambako misiba hutangazwa papo hapo, katikati ya picha za harusi. Mwaka jana mjomba, kaka yake mama, alipofariki, niliuona ujumbe nikiwa kwenye treni. Nilimpigia Auntie Wambui, nikakimbia kwa mama huku nikipanga uongo wa kumshikilia mpaka watu wafike. Nilimkuta jikoni, ameketi chini, simu mkononi, pole zinaendelea kumiminika.

"Nimesoma tu hivi," alisema.

Nikaketi kando yake. Kwenye paji la uso alikuwa na alama nyekundu iliyoanza kuvimba. Nilimuuliza ni ya nini.

"Nilianguka," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. "Hapakuwa na mtu."