Bodi Isiyohitaji Fundi

Kazini walimwita Dada Mchoraji. Meza yake ilikuwa kwenye kichumba cha vioo juu ya karakana, na kutoka pale aliwaona mafundi wote chini. Karakana ilitengeneza bodi za malori ya mizigo. Lori jipya huja na kichwa na chasisi tupu. Sakafu, mbavu na milango ya nyuma ni kazi ya karakana kama ile. Wao walikata vipande, wakavitoboa, wakavipanga kwenye makasha na kuvisafirisha kwa wateja wa mbali. Kisha kikosi cha mafundi kilifuata nyuma kwenda kuvifunga.

Kiongozi wa kikosi hicho alikuwa kaka yake, tumbo moja. Wenzake walimpa jina la Kumi na Tisa, kwa sababu angeweza kutia mkono gizani kwenye ndoo ya boliti akaibuka na za spana namba kumi na tisa bila kukosea. Ndiye aliyemlea Dada Mchoraji baba yao alipofariki, ndiye aliyempeleka chuo kusomea uchoraji, na ndiye aliyempigia debe hapo karakanani, akiwaambia wakubwa kwamba mdogo wake ana kichwa chepesi kuliko feni.

Siku meneja alipomwita, alizungumza kwa upole wa mtu aliyefikwa na maji ya shingo. Wateja walikuwa wanakimbia. Makasha yalifika, malori yakakaa juani yakisubiri kikosi kilichokuwa bado upande mwingine wa nchi. Wasioweza kusubiri walijifungia wenyewe wakaharibu.

"Nataka bodi ambayo dereva na utingo wake wataifunga wenyewe," alisema. "Tukishindwa, tunafunga milango, sote."

Dada Mchoraji alishuka ngazi. Hakuhitaji kufafanuliwa. Bodi ambayo dereva na utingo wataifunga wenyewe haina haja na kikosi. Akikataa, karakana itakufa na kaka yake ndani yake. Akikubali, ni yeye atakayemtoa kaka yake mlangoni kwa mkono wake.

Alianza. Ubaya ni kwamba kazi ile aliipenda. Ubavu wa kulia na wa kushoto vilikuwa vipande tofauti. Aliuchora upya ukawa mmoja, unageuza tu. Nguzo za kati zilikuwa za vimo mbalimbali, akazifanya sawa. Boliti zilikuwa za kila namna, fupi, ndefu, nene, nyembamba. Akazifuta zote akaacha aina moja, ya spana namba kumi na tisa. Mafundi walipopata habari walicheka hadi wakakaa chini, wakasema Dada Mchoraji amezaa bodi akaipa jina la mjomba wake. Kaka yake naye alicheka, ila alikuwa wa kwanza kunyamaza.

Kilichobaki kilikuwa kona ya nyuma, pale nguzo inapokutana na mhimili wa sakafu. Kiungo hicho kilitaka kupachikwa vibati vyembamba, kugongwa, kusikilizwa mlio, kugongwa tena. Kilimtaka fundi. Dada Mchoraji hakukigusa. Kwenye kikao alisimama akasema kona ile ndiyo uti wa mgongo wa bodi, ikirahisishwa itapoteza nguvu, hivyo wateja wafunge vyote na kona wawaachie mafundi. Alisema vizuri mno. Wakamkubalia.

Mchana ule kaka yake alikuja kukaa naye kwenye chakula.

"Ile kona umeiacha," alisema.

"Ina nguvu, kaka."

Kaka yake alitikisa kichwa. "Nguvu. Haya." Akaendelea kula.

Makasha mapya yalitoka. Kwa wiki chache watu wakarudiwa na rangi usoni. Halafu mteja mmoja, mwenye mzigo unaooza, hakusubiri mafundi. Dereva na utingo wake walifunga bodi yote barabara, na walipofika kwenye kona waliikaza kadiri ya nguvu zao. Ilionekana imeshika. Walipakia, wakasafiri, wakafika. Utingo alipofungua mlango wa nyuma, nguzo ilichomoka na ubavu mzima ukamwangukia.

Alipona, lakini mguu wake ulisagika. Meneja alisema wateja walionywa, imeandikwa wazi kwenye maelekezo, karakana haina kosa. Dada Mchoraji aliomba ruhusa, akapanda basi kwenda hospitali alikolazwa utingo.

Alimkuta kijana mpole, mguu umening'inizwa, mamake amelala kwenye kiti. Alipojitambulisha kwamba anatoka kwa waliotengeneza bodi, utingo alijaribu kujiinua.

"Nisamehe dada," alisema. "Niambie tu, nilikaza vibaya wapi?"

Dada Mchoraji alishika ukingo wa kitanda.

"Hukukaza vibaya," alimjibu. "Ilichorwa vibaya."

Njia nzima ya kurudi hakuona kitu dirishani. Alikuwa amemhurumia mtu mmoja, na mzigo wa huruma hiyo ukamwangukia mwingine asiyemjua. Alifika nyumbani akajilaza na viatu miguuni. Aliomba kuugua, apate sababu ya kutorudi kazini. Hakuugua. Akarudi, akakaa mezani, akaifuta kona. Badala yake alichora kipande kimoja cha chuma kilichokunjwa, kinachoingia upande mmoja tu, ukikigeuza kinagoma. Hakikumchukua muda. Hilo lilimuumiza kuliko yote, kwamba wakati wote lingewezekana upesi namna ile.

Hakutaka kaka yake asikie kwa wengine. Alimfuata kwenye benchi lake la kazi akamweleza mwenyewe habari ya kona mpya. Kaka yake aliendelea kufuta spana zake moja moja.

"Ilete tuione," alisema mwisho.

Siku ya jaribio meneja alimchagua mlinzi wa getini na mama mpishi wa kantini, watu wasiowahi kufunga hata kitanda. Kikosi kizima kilisimama pembeni. Mama mpishi alikunja mikono ya gauni lake, akauliza kama na hii itahitaji chumvi, watu wakacheka kidogo. Kisha hakuna aliyecheka tena, maana bodi ilikuwa inapanda. Ubavu, nguzo, ubavu. Kona ikaingia ikatulia.

Kumi na Tisa alipanda juu akiwa na nyundo. Aliigonga kona, akaweka sikio. Akagonga ya pili. Alishuka, akaiweka nyundo sakafuni taratibu, akawaambia wenzake, "Imekaa."

Mwisho wa mwezi kikosi kiliachishwa kazi. Meneja alimpa kaka yake nafasi ya kutunza stoo, peke yake. Dada Mchoraji alimshika mkono mbele ya watu akamsihi abaki, kwa ajili ya watoto, kwa ajili yake. Kaka yake alijibu kwamba hawezi kuwahesabia watu boliti huku wenzake wako barabarani. Akaondoka nao.

Dada Mchoraji alimfuata nyumbani Jumapili. Wifi yake alimfungulia, akamkumbatia, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mumewe anakula, anaongea na watoto, amepata kibarua cha kukata vyuma chakavu. "Ila wewe hakutaji," alisema.

Kaka yake alikuwa sebuleni, ameketi, mikono juu ya magoti kama mgeni. Alimwacha azungumze. Alimwacha alie. Dada Mchoraji alipomaliza, ndipo kaka yake aliposema.

"Mdogo wangu, hukukosea. Ungekosea ningekugombeza, yangeisha. Sasa nikuambie nini?"

Dada Mchoraji alikunywa chai aliyoletewa na wifi yake, na aliponyanyuka kwenda, kaka yake alimsindikiza hadi mlangoni kwa adabu ambayo hakuwahi kumfanyia tangu wazaliwe.

Karakana ilipona. Oda zilirudi, mpaka wakaongeza mashine. Wiki mashine zilipofika, meneja alimletea Dada Mchoraji kazi nyingine, bodi ya friji, ya malori ya kubebea samaki na nyama, yenye vipande vingi kuliko ile ya kwanza na kikosi chake chenyewe cha mafundi, nayo alitaka dereva aifunge mwenyewe. Alimwambia anamwamini. Dada Mchoraji aliitikia, akawasha kompyuta, akatazama chini kwenye karakana ambako kikosi cha friji kilikuwa kinafunga mlango, mmoja wao akiimba. Mafundi walitoka kwenda kula, wakarudi. Dada Mchoraji alikuwa bado hajachora hata mstari.