Kopo la Odii Nyuma ya Magunia

Admin, jina langu baki nalo wewe. Mimi ni mama wa miaka 41, Mkenya, na huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili hapa Juba. Nilianza na karai moja la maharagwe. Leo nina stoo ya nafaka mtaa wa New Site, na hakuna aliyenishika mkono. Mume wangu ni Mganda, dereva wa lori la mizigo la kutoka mpakani Nimule.

Panya walikuwa wananimaliza. Wiki moja nilishona magunia tisa waliyotoboa. Nikachanganya dawa ya panya na odii, ile siagi ya karanga na simsim. Iliyobaki nikaiacha kwenye kopo lile lile la odii, nikalisukuma nyuma ya magunia bila alama yoyote. Hilo kosa ni langu, nalikubali.

Wifi yangu alikuwa ametutembelea. Siku zote husema mimi ni mchoyo, naficha chakula ndugu zao wakija. Nikiwa sokoni akapekua stoo, akalipata kopo. Mume wangu alikuwa ametoka safari na njaa, wifi akampakia odii hiyo kwenye muhogo. Niliporudi akanicheka: "Mama Joy, wewe iko naficha odii mpaka nyuma ya gunia? Khalas, bwana yako imekula."

Nilitazama sahani. Ilikuwa imelambwa.

Tulikaa wodini siku kumi na saba. Mume wangu alitetemeka, akashikwa na degedege, siku tatu hakunijua. Daktari alisema sumu imefika kwenye ubongo, umevimba, na kitakachorudi na kisichorudi hakuna anayeweza kukijua mapema. Akakataza asiendeshe gari mpaka apimwe tena.

Sasa ni miezi mitatu. Anakula, anacheka. Lakini ananiuliza jambo moja mara nne ndani ya saa moja. Na kuna wakati anaganda, macho wazi, mkono wa kulia unacheza wenyewe. Mimi huhesabu. Mwanzo zilikuwa sekunde kumi. Juzi zilifika arobaini na nne. Akizinduka anasema hakuna kilichotokea.

Kupimwa amekataa. Wifi alimwambia bosi wa mume wangu ilikuwa malaria, na Jumatatu anarudishwa kazini. Lori lile halikosi watu juu ya mzigo. Nikamwambia wifi naenda kwa bosi kusema ukweli. Akanijibu polepole, "Enda. Na mimi naambia wazee wetu nani iliweka sumu kwa chakula. Kopo ni ya nani?"

Jana bosi alileta lori ili mume wangu alizoee tena. Nikamkuta kwenye usukani, injini inanguruma, watoto wetu wawili wamekaa kando yake wakisubiri kuzungushwa.

"Baba Joy, mnaenda wapi?"

Akanitazama kwa upole kabisa. "Ngoja," akasema, "nakumbuka sasa hivi."

Watoto wangu niliwashusha. Hao wa Jumatatu siwajui hata majina. Nikisema, naitwa mke aliyetaka kumuua mumewe, na wanangu watachukuliwa na ukoo wao. Nikinyamaza, mnajua wenyewe. Nishaurini ndugu zangu, leo ni Ijumaa.