Baraza Lisilokauka

Hadi leo sijui kwa nini baraza letu la Old Moshi, lililo chini ya mparachichi, hubaki na unyevu hata kiangazi. Mama alisema nipunguze matawi na kusugua utando wa kijani ulioota sakafuni. Mimi nilisoma vitabu viwili kuhusu unyevu, kisha nikaufunika kwa zulia la plastiki. Jumapili, akienda ibadani, mama alilikanyaga, likateleza, akaanguka na kuteguka mguu.

Nilimpelekea jani la sale, kama Wachagga tunavyoomba radhi. Aliligeuzageuza mkononi.

“Nimekusamehe, baba. Vitabu vimesemaje kuhusu panga?”

Tuliamua kufanya alivyosema mwanzo. Nilikata matawi, nikasugua sakafu. Mama alisimamia kutoka kitini, mguu uliovimba ukiwa juu ya vitabu vyangu.