Kobe Wanane wa Scholastika

Mimi Mauza binti Nasor sikupenda kobe, na mpaka leo siwapendi. Lakini mtu akinisemea vibaya Scholastika na kobe wake, atajuta kunijua.

Alikuja kupanga chumba kwangu, mtaa wa Gerezani, mwaka wa sabini na tano. Mtoto wa Kimakua kutoka Masasi, mwembamba, miwani mikubwa, sanduku moja la nguo na matano ya vitabu. Nilimuuliza kazi yake, akasema daktari. Nikafurahi, nikamwonyesha goti langu. Akaniambia kwa adabu zote kwamba yeye si daktari wa magoti, yeye anachunguza ubongo, tena wa wanyama. Loo! Mtoto wa watu kasomeshwa Ulaya miaka saba, kumbe kazi yake kuchungulia vichwa vya wanyama? Nikalifunika goti langu.

Hata hivyo tulipatana. Alikuwa hachagui kazi: tukikosa maji ya bomba alivuta ndoo kisimani kama sisi, tukienda foleni ya sukari alitangulia kutushikia nafasi. Nilimtafutia wachumba wawili, mmoja fundi wa reli mwenye tabia nzuri kabisa. Wote wawili aliwachosha kwa habari za ubongo, wakaaga mapema.

Siku moja tunakuna nazi nikamwambia haya, nieleze na mimi, huo ubongo una nini. Akasema ndani ya kichwa kuna nyuzi nyembamba zisizo na idadi, na pale zinapokutana pana kiungio. Ukijifunza jambo, kiungio kinapata nguvu, na ukilirudia kinazidi. Ni kama uchochoro wa Kariakoo: wapagazi wakipita kila siku unabaki wazi, wakiacha kupita wachuuzi wanatandaza nyanya. Sasa viungio hivyo vinaishi kwa hewa. Mtu akikosa hewa dakika chache tu, ubongo unaumia. Lakini yupo kobe wa maji, anayeweza kukaa saa nyingi bila pumzi, akaibuka, akaendelea na shughuli zake. Scholastika alitaka kujua kama akiibuka bado anakumbuka alichofundishwa.

Niliacha kukuna. Kuna jambo sikuwa nimemwambia. Hind wangu, mtoto wangu pekee, alizaliwa kimya. Mkunga alimpulizia, akamsugua, akamning'iniza miguu juu, na ulipita muda ambao siutaki kuukumbuka ndipo akalia. Alikawia kutembea, akakawia kusema. Darasa la kwanza alilisoma mara tatu, mwisho mwalimu akaniambia mama, huyu hakamati kitu, mpumzishe. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, anafagia uani na kuimba, na watu wakimzungumzia mbele yake kama vile hayupo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa mmoja wao.

Mwaka uliofuata maji yakakatika kabisa kule chuoni kwake alikokusudia kuwafugia, na kobe hawakai pakavu. Akaja kuniangukia: Mama Hind, una kisima. Nilimwambia mimi Mwislamu, siwezi kufuga madude yale ndani ya uwanja wangu. Akasema kamati ya utafiti inakuja baada ya miezi miwili. Ikikuta hana la kuonyesha, kazi inafungwa, naye anapelekwa Rukwa kufundisha sekondari. Nikasema walete, lakini wasipite mlango wa mbele.

Kitwana mpagazi aliwaleta kwa mkokoteni kutoka bonde la Msimbazi walikonaswa, wanane, wananuka tope. Scholastika akawaandika namba mgongoni kwa rangi ya kucha na kuwagawa wanne wanne kwenye mabeseni mawili. Kila asubuhi saa mbili aligonga kopo la maziwa kwa kijiko, kisha akawawekea dagaa ukingoni mwa beseni, mahali palepale kila siku. Baada ya wiki sita, ukigonga kopo, wote wanane wanakimbilia pembeni. Kobe kukimbia! Majirani walikuja kuangalia, na balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Shaibu, akaja kuhakikisha kwamba hatufanyi uchawi.

Ikafika wiki ya kamati. Jumatatu Scholastika alichemsha maji mpaka hewa yote ikatoka, akayapoza, akayajaza kwenye mtungi. Akawatia kobe wanne, namba tano mpaka nane, akaufunika na kuuziba kwa nta. Walikaa humo kwa muda wa saa sita nzima. Alipowatoa walikuwa wamelegea, vichwa vinaning'inia, na yule namba nane nikaapa kwamba amekufa. Walianza kujisogeza jioni, polepole. Wale wanne wengine hawakuguswa, ili wawe wa kulinganishia.

Jumanne saa mbili akagonga kopo. Kobe wa beseni la kwanza wakakimbilia pembeni. Wale wa mtungini wakamtazama tu. Jumatano vilevile. Alhamisi vilevile. Scholastika akaweka kijiko chini, akasema, "Basi, Mama Hind. Wamesahau." Akaingia chumbani kwake, na nikasikia anavuta sanduku la nguo kutoka uvunguni.

Mchana nikampelekea wali. Akala tonge mbili kwa heshima yangu. Nilijaribu kumtania habari ya yule fundi wa reli, hakucheka. Hind alikuwa ameketi kizingitini, anamtazama. Mara akasema, taratibu kama kawaida yake, neno moja baada ya jingine:

"Hawajasahau. Wameshiba. Mama aliwapa dagaa alfajiri. Juzi, na jana, na leo. Juzi kumi na sita, jana ishirini, leo ishirini na nne. Namba nane huongezewa mbili juu ya hizo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Ndiyo, niliwapa. Nimelelewa hivyo, kiumbe akitoka kwenye shida humwachi na njaa. Mgonjwa unampelekea uji, mzazi unampelekea supu, sasa hawa waliotoka mtungini nusu maiti niwapite tu nikienda kutawadha? Nikawalowekea dagaa kidogo. Nani angejua kwamba kobe akishiba hakubali kuitwa?

Scholastika hakunifokea. Hakunitazama hata kidogo. Alimtazama Hind, akamwomba aseme tena, na Hind akasema tena, idadi zilezile, hakukosea hata moja. Ndipo Scholastika akachukua daftari lake, akaandika. Siku ile nilikatazwa kukaribia mabeseni, na ufunguo wa kabati la dagaa akapewa Hind.

Ijumaa wakaja watu watatu, mkubwa wao Ndugu Melkiori, mwenye saa kubwa ya mkononi na uso wa kuchoka. Scholastika aliwaeleza yote bila kuficha, hadi dagaa zangu. Ndugu Melkiori akanigeukia, akauliza kama nilipowalisha niligonga kopo, maana kama niligonga, basi nimewafundisha upya.

Nikamjibu, "Nigonge kopo ili niamshe nyumba nzima na mimi naiba? Niliwalisha kimyakimya."

Mmoja wao akacheka. Ndugu Melkiori hakucheka, lakini aliandika. Akasema atahesabu dakika mbili, na atakayekuwa hajafika pembeni ameshindwa.

Scholastika akagonga. Kopo likalia vibaya. Namba sita akainua kichwa kwanza, akaenda. Kisha namba tano. Kisha namba saba, akampanda mwenzake mgongoni. Nikapiga kigelegele, nikaambiwa ninyamaze. Namba nane alikuwa palepale. Alitoa shingo, akairudisha. Akasogea kidogo upande mwingine, si ule wa dagaa. Ndugu Melkiori akatazama saa, akashika kalamu.

"Msubirini," Hind akasema. "Anakuja."

Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Nilitaka kumvuta mkono, nimwambie asiingilie mambo ya wakubwa, kama nilivyozoea. Lakini Scholastika naye akasema tumsubiri, na Ndugu Melkiori, sijui kwa nini, akashusha kalamu. Dakika mbili zikapita, ikapita ya tatu. Namba nane akageuka, akatia mguu mmoja mbele, akapumzika, akatia wa pili. Alipofika pembeni alifungua kinywa, akangoja dagaa zake kama mtu anayejua haki yake.

Ndugu Melkiori aliandika watatu kwa wakati, mmoja kwa kuchelewa. Kazi haikufungwa, na Rukwa wakapelekewa mwalimu mwingine. Akifunga daftari aliuliza nani atahakikisha mwenye nyumba hawalishi tena, na Scholastika akamwonyesha Hind.

Wakaondoka. Mimi nilibaki pale uani nimemshika mwanangu bega. Miaka kumi na tisa nilikuwa nikimgongea kopo, nahesabu dakika zangu mbili, nashika kalamu. Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya Scholastika, na nililia. Hind akanipangusa kwa ncha ya kanga yake, kisha akaenda kumpa namba nane dagaa mbili zaidi.