Sura ya Babu Isitoke na Ukungu

Nina shahada, sina kazi, na muda wangu mwingi naumalizia kwenye kuwaza. Bibi aliponiomba niunganishe video za marehemu babu, zioneshwe kwenye ibada ya kumbukumbu yake kule Kilolo, niliogopa jambo moja tu: sura yake isije ikatoka na ukungu.

Siku tatu, chumbani kwangu Mwanjelwa, nilihangaika na mipangilio ya kuhifadhi video kwenye kompyuta. Ukubwa wa picha niliuacha kama ulivyorekodiwa, idadi ya fremu kwa sekunde vilevile, kiwango cha data nikakipandisha hadi mwisho. Bado sikuridhika. Nikajirekodi nikifanya mazoezi ya hotuba ya shukrani, nikaibandika mwishoni mwa video ya babu ili nipime ubora.

Siku ya ibada, sebuleni kwa bibi, mbele ya ndugu wote, babu alitokea kwenye televisheni akipukuchua mahindi. Mikunjo ya vidole vyake ilionekana, hata vumbi la mahindi likielea juani. Bibi alisogea, akagusa kioo.

"Ni yeye," alinong'ona.

Sikujua kama mtu aliyezikwa anaweza kusogezwa karibu namna ile.

Skrini ikawa nyeusi, nikasimama kushukuru. Mara nikaisikia sauti yangu mwenyewe nyuma yangu: "Ndugu zangu, makofi yote haya ya nini? Ni kipaji tu."

Niligeuka. Video ya majaribio sikuwa nimeitoa. Nilikuwa pale na singlendi, nikiinamia kamera kwa unyenyekevu, chunusi zote zikihesabika.

Bibi aliitazama televisheni, akanitazama mimi.

"Mjukuu wangu," aliuliza taratibu, "na wewe tulikuzika lini?"