Hotuba Niliyoipigia Makofi

Mdogo wangu wa mwisho, nyumbani tunamwita Karani, ana duka la kuchapa barua jirani na ofisi ya diwani. Kompyuta moja, printa inayokohoa, na kiti kimoja cha mteja. Hotuba zote za diwani hupitia kwake. Yule bwana huleta karatasi imechorwachorwa, Karani anailainisha, anaisoma kwa sauti mpaka iteleze, ndipo anachapa.

Ijumaa diwani alisimama sokoni kwetu. "Soko letu litasafishwa, na sote tutapumua!" Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka, nikamshukuru Mungu kwa kiongozi yule. Kugeuka, namwona Karani ananitazama, machozi yanamtoka.

Akanivuta nyuma ya meza yangu ya nyanya.

"Dada, unashangilia nini?"

"Si usafi? Mitaro inanuka!"

"Vibanda vinavunjwa, dada. Jumatatu. Na chako kimo. Diwani mwenyewe aliandika, 'Nitavunja vibanda vyote.' Nikaona kali mno. Nikaitoa 'nitavunja', nikavitoa vibanda, nikaweka 'litasafishwa' na 'sote'."

Miaka kumi na tisa nauza pale.

"Umejua tangu lini?"

"Jumatano. Nilidhani mtaelewa tu."

Na huyu nilimbeba mgongoni! Nikaenda kuwaambia wenzangu, yeye nyuma yangu. Mama Ndizi, tunayepakana naye vibanda, aliangua kicheko.

"Mama Sala, na wewe umeanza umbea? Masikio tunayo. Nani kataja kuvunja?"

"Hotuba niliiandika mimi, mama," Karani akasema.

"Basi uliandika vizuri, mwanangu. Tuache tupumue!"

Soko zima likacheka. Jumapili baada ya ibada tuliihamisha meza yangu, Karani upande huu, mimi ule, huku wakitupigia vigelegele vya kejeli. Nilianza hata kujishuku mwenyewe.

Jumatatu saa tatu asubuhi katapila likaingia. Mama Ndizi alilikimbilia na mkungu mkononi, akamlilia dereva: "Nani kasema mvunje? Nani?"

"Sijui, mama. Imeagizwa tu pasafishwe."

Karani aliketi vumbini. Nilimpita. Nikainama kumwokotea Mama Ndizi ndizi zake kabla hazijasagwa. Mdogo wangu ningemwinua baadaye.